Imamu Asiyetangulia

Katika msikiti wa wanawake wa Kaifeng, nchini China, imamu ni mama mnene anayenuka kitunguu saumu, na kila adhuhuri hugombana na safu. Mwanamke akiswalisha wanawake husimama katikati yao, hawatangulii. Lakini wenzake, kwa heshima, hurudi nyuma nusu hatua. Yeye huwavuta mikono.

“Shangazi Bai, nikuambie mara ngapi? Usiniache mbele peke yangu!”

“Hee, mwalimu! Leo umekula pilipili?”

Siku hiyo alisujudu, goti likakataa kunyooka. Shangazi Bai, aliyevutwa ubavuni mwake, akampitishia mkono kwapani akamwinua.

Baada ya salamu imamu alimgeukia, uso umekunjamana vilevile. “Umeona? Ungekuwa huko nyuma kwako, ningekuwa bado sakafuni.”