Fundi wa Maturubai

Nilihamia Makambako na cherehani yangu ya kukanyaga, baada ya kushona sare za shule miaka kadhaa karibu na misheni, nje kidogo ya Njombe. Kule nyumbani kuni tulikata wenyewe, viazi tulichimba, maji tulichota chemchemini bila kumwomba mtu. Makambako kila kitu kilikuwa na mwenyewe: mkaa wa kopo, ndoo ya maji, hata majani ya maboga yalifungwa mafungu yakauzwa. Mama mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Nikalipa, kisha nikabaki najiuliza wenzangu wanaishije.

Aliyenishinda zaidi ni mzee wa chumba cha mwisho, Mwislamu kutoka Tanga aliyewahi kuendesha malori. Asubuhi baada ya chai alitoka na mfuko mdogo wa kitambaa, hana jembe wala bidhaa, na jioni alirudi na nyama. Wapangaji walisema hili na lile. Mimi nikaona heri nimuulize mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mzee wangu. Hivi huwa unafanya kazi gani?"

Alicheka kidogo. "Mimi ni fundi kama wewe. Kesho tufuatane ukaone."

Shule zilikuwa zimefungwa, hakuna aliyeleta kitambaa cha sare, na nilishaanza kufikiria kurudi nyumbani. Basi nikafuatana naye hadi maegesho ya malori. Pale alifungua mfuko wake: shazia mbili, zile sindano nene za kushonea magunia, uzi wa nailoni, kipande cha nta, na ngozi ya kuvaa kiganjani. Kazi yake ilikuwa kuziba maturubai ya malori yaliyochanika njiani.

Kabla ya saa sita upepo wa Makambako ukageuka na wingu likapanda. Dereva mmoja akaja mbio.

"Mzee, nina mbolea ya wakulima wa Njombe humu. Turubai limepasuka, na mvua ndiyo hiyo."

Tulikwenda kuangalia. Mpasuko ulikuwa mrefu kuliko mimi. Mzee aliutazama, kisha akatazama mawingu. Peke yake asingewahi.

"Nipe shazia moja," nikasema.

"Dada, hili si gauni," dereva akaniambia.

"Mwache," mzee akasema. "Huyo ana mkono."

Tukalitandaza turubai chini, yeye akaanzia upande huu, mimi ule. Kwenye mshono wangu wa kwanza shazia ilinitoboa kiganja. Mzee akavua ngozi yake, akanivisha, mwenyewe akajifunga kitambaa mkononi. Tukaendelea. Baada ya muda nikaona kingo zinafumka pale uzi unapovutwa, nikazikunja moja ndani ya nyingine, nikapitisha mishono miwili.

Mzee akasimamisha kazi. "Unafanyaje hapo?"

"Ni mshono wa suruali ya jinzi, mzee. Haufumki."

Akasogea karibu na kunitaka nirudie polepole. Miaka yote ya kazi hiyo alikuwa akishona kingo juu ya kingo. Alijaribu mara mbili, ya tatu akaweza, akafumua hata kipande alichokuwa amemaliza ili akishone upya. Dereva alikuwa anatembea huku na huko.

Matone yalianza tukiwa tunafunga fundo la mwisho. Turubai likapandishwa, likakazwa kwa kamba. Tukasimama chini ya bati la mama ntilie tukitazama maji yakiteremka pembeni. Dereva akapanda kukagua ndani, akashuka akitikisa kichwa kwa mshangao.

"Kukavu kabisa," akasema. Kisha akanigeukia. "Dada, wiki ijayo utakuwepo?"

Nilijibu ndiyo kabla sijafikiri.

Tangu hapo shule zikifungwa nilishona maturubai, zikifunguliwa nikarudi kwenye sare. Kodi haikunitisha tena. Nilizoea pia kuwauliza madereva wamebeba nini na wanatoka wapi, nikaijua chai ya Lupembe kwa harufu na viazi vya Makete kwa udongo wake. Miaka miwili baadaye macho ya mzee yalianza kufifia, wanawe wakaja kumchukua wampeleke Tanga. Aliniachia mfuko na vyote vilivyomo. Bado hunipigia simu, na baada ya salamu huniuliza malori ya siku hizi yana maturubai ya aina gani.