Kalamu Mbele ya Adui

Juzi, kwenye harusi huko Kamukuywa, Wafula alinisogezea sahani ya nyama tuliyopewa wawili, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Alikuwa amevunja kalamu yangu makusudi, nami nilitaka alipe. Kanisa tulimoketi bega kwa bega lilinukia nyasi mbichi. Mchungaji wetu, aliyetamka r kama l, alinguruma: “Mungu atakuandalia kalamu mbele ya adui yako!”

Wenzangu walipofumba macho kuomba, nikachomoa kalamu ya Wafula mfukoni mwake.

“Rudisha yangu!” alilia tulipotoka.

“Ati yako? Si umesikia Mungu amenipa?”

Babake alimchapa kwa kuipoteza, nami nikasikiliza kila kiboko kwa shukrani.

Kumbe mchungaji alimaanisha karamu.

“Kula, ndugu yangu,” Wafula alisema juzi. Nilikula nikimwomba Mungu anitakase, huku nikimwachia Wafula mifupa.