Kompyuta ya Gari la Fundi

Nilichokiona kwanza kwa fundi wetu ni mikono yake safi: hunawa kwa sabuni kila anapotaka kugusa kompyuta ya injini. Wiki hii alitoa giaboksi ya otomatiki kwenye gari la mama mdogo, akaweka ya gia za mkono, ili mama mdogo alitumie kufundishia udereva. Likagoma kuwaka.

"Kompyuta bado inaulizia giaboksi yake ya zamani," alisema.

"Na mwanafunzi wangu wa kwanza yuko getini, fundi," mama mdogo akasema.

Akanawa, akaenda kuchomoa kompyuta ya gari lake mwenyewe, lenye injini ileile na gia za mkono.

"Sasa wewe utarudije nyumbani?" mama mdogo akamuuliza.

"Miguu haina kompyuta, dada."

Ameshaifunga. Mama mdogo amekanyaga klachi, ameshika ufunguo, na sote tunasubiri kusikia injini ikiwaka.