Mashua ya Muuza Vitenge

Muuza vitenge wa Kasulu alinunua mashua ya tanga, mtumba wa Mzungu aliyekuwa akifunga virago Kigoma, akaiweka uani juu ya kigari chake cha magurudumu, mahali ambapo maji ya karibu ni ya kisima. Mkewe, Kuruthumu, alianika maharage kwenye wavu uliounganisha matumbo mawili ya mashua hiyo pacha, na hakuona sababu ya kuyaanua. Kila Ijumaa akitoka msikitini, mume huvaa jaketi okozi juu ya kanzu, akapanda, akakohoa kama mkaguzi, kisha akaanza na tanga: hulifikicha kwa vidole viwili, hulinusa, hulivuta aone kama linaachia uzi. “Hili halichuji,” husema, utadhani kuna mtu kauliza.

Ijumaa hii alilipandisha lote. Upepo wa kiangazi ukashuka mlimani, tanga likavimba, kigari kikaanza kutembea. “Achia kamba, baba Yasmini!” Kuruthumu akapiga kelele. Aachie? Mikono ile haijawahi kuachia kitambaa kinachovutwa upande wa pili. Aliikumbatia kamba ya tanga kifuani, na kadiri alivyoivuta ndivyo mashua ilivyozidi mbio, ikimwaga maharage, hadi ikajikita kwenye migomba ya jirani. Akashuka na jani kichwani, akalipapasa tanga kabla ya kujipapasa mwenyewe. “Halijachanika,” akasema kwa fahari. “Jumapili tunaenda ziwani.”

Kuruthumu aliyatazama maharage yake, akaitazama migomba.

“Na huko ziwani,” akauliza, “nako kuna migomba?”