Mama mkwe na maua yangu ya vipepeo

Jamani, leo mama mkwe amenifyekea bustani yote na nimemwambia asante!

Ni yale maua ya porini niliyopanda penye majimaji nyuma ya nyumba, hapa Bigwa. Yalishanipita kimo, vipepeo wanajaa mpaka raha.

Asubuhi natoka, namkuta na panga, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuondolea aibu. Majirani wangesema mwanangu kaoa mvivu."

Vipepeo wakaja, wakakosa pa kutua, wakakivamia kitenge chake cha maua. Alivyokimbia uani, mweh!

Nikajifariji kimoyomoyo: mizizi ipo, masika yatachipua tena.

Mama akahema, akanishika mkono.

"Hilo pori likiota tena masika, usijisumbue. Nitakuja mwenyewe."

Nishaurini: nihamishe maua, au nihame mimi?