Karanga za Wageni

Hilaria alikuwa na pua, na pua hiyo ilimpa jina baya. Majirani walimwita Mama Kinyaa, kwa sababu hakuna msiba wala harusi kijijini kwao, huku upande wa Kongwa, alikowahi kula bila kunusa kwanza. Alinusa maziwa, alinusa ugali wa uwele, na mlenda, ile mboga ya utelezi, aliusogeza kwa ncha ya kidole kana kwamba ndani yake kuna chura. Wenye shughuli waliona anawadharau. Hakumdharau mtu, alikuwa hawezi tu. Kitu kikishavunda, koo lake lilifunga mlango.

Lakini kuna uvundo mmoja aliokaa nao maisha yake yote ya ndoa, nao ni wa karanga za ndani.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Karanga zikishabanguliwa, wanawake huketi na nyungo zao wakachambua. Zile nene, zenye ngozi nyekundu inayong'aa, huingia gunia la kuuza. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu wa kijani unaobaki vidoleni na uchungu unaobaki mdomoni, hazitupwi; nani atupe jasho lake? Hizo ndizo za ndani. Hutwangwa, zikaungwa kwenye mlenda, na watoto wakalishwa. Hilaria alizitwanga miaka yote huku amegeuza uso pembeni, na mboga yake mwenyewe aliila bila karanga. Mumewe, Zablon, alimcheka kwa hilo. Yeye alikula sufuria nzima, akalamba na mwiko.

Sasa Zablon alikuwa kitandani, mwili umekwisha, tumbo limejaa, macho ya njano. Dodoma mjini waliambiwa ni saratani ya ini, na kwamba wamechelewa kufika. Walirudi nyumbani na dawa za maumivu, na Hilaria akaendelea kutwanga, maana wajukuu zake, watoto wa mwanawe Gerson, nao walikula chungu hicho hicho.

Mwaka uliotangulia kijijini walikuja watafiti. Ilikuwa kazi ya taifa: walizunguka vijiji vya uwanda huu kupima sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga na mahindi ambayo mtu akiila kwa muda mrefu inaweza kumletea saratani ya ini. Kila kaya iliyokubali iliombwa bakuli moja la karanga zinazoliwa nyumbani. Watu walikubali, tena kwa furaha, na kila nyumba ikafungua gunia la kuuza. Karanga za ndani apewe mgeni? Tangu lini? Hata Zablon, ambaye tumbo lilikuwa limeshaanza kumsumbua, alijaza bakuli mwenyewe, maana mkewe alikuwa kwao alikozaliwa, Kibakwe, kwenye msiba. Majibu yalipokuja, kijiji kilionekana safi. Mwenyekiti, Bartolomayo, aliyasoma mkutanoni kama mtu aliyefaulu mtihani, na watu wakapiga makofi.

Makofi yale yalimchefua Hilaria kuliko ukungu. Watu wazima wamekaa juani wanajipongeza kwa karanga wasizozila, halafu wanarudi nyumbani kuwapa watoto uozo.

Ikasikika kwamba watafiti wanarudi kwa mara ya mwisho. Kijiji kikionekana safi tena, wangefunga kazi hapo na kuhamia kwingine. Kikionekana kichafu, wangebaki, wafundishe watu kuanika juu ya maturubai, wapime na watu wenyewe. Hilaria alimfuata Bartolomayo akamwambia kweli yote. Mwenyekiti aliweka kola ya shati lake sawa, akamuuliza kama anataka wageni wapewe takataka, na baada ya hapo nani atanunua karanga za kijiji. Hilaria aliondoka bila kuaga. Alitamani kunawa mikono, ingawa hakuwa amemgusa.

Siku ya wageni Zablon aliomba akalishwe nje, aegemezwe ukutani, awekewe ungo mapajani. Akachambua asubuhi nzima kwa vidole vilivyobaki mifupa, moja moja, mpaka bakuli jipya likajaa karanga ambazo ungedhani zimepakwa mafuta. Hilaria alimtazama kutoka jikoni. Alimpenda mzee huyu, na alichukia kila karanga aliyoichagua.

Mtafiti alikuwa binti mmoja anaitwa Violeth, ameongozana na mwenyekiti. Aliwaamkia shikamoo, akazisifu karanga, akafungua mfuko wake wa sampuli. Hapo Hilaria aliingia ndani, akatoka na ungo wa karanga za ndani, akauweka miguuni pa mgeni. Vumbi la kijani lilipanda na harufu yake. Bartolomayo alirudi nyuma hatua.

"Hizi ndizo tunazokula, mwanangu," Hilaria alisema. "Hizo za baba ni za kuuza."

Zablon aliinamisha kichwa. "Mama Gerson, umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Mgeni hakuja kuheshimiwa, Baba Gerson. Amekuja kuuliza tunakula nini."

Violeth alitaka kujua kama na mwaka jana ilikuwa hivyo, na kama ni nyumba hii peke yake. Hilaria alimjibu kwamba ilikuwa hivyo, na ni nyumba zote. Mwenyekiti alitazama njiani. Binti hakumkaripia mtu. Alisema tu kwamba itabidi waanze upya, nyumba kwa nyumba, na safari hii wataomba kuonyeshwa kinu. Kisha Zablon akamuuliza kama hizi ndizo zilizomfikisha hapa. Violeth alimwambia hawezi kumjibu hilo kwa mtu mmoja, ndiyo maana wanatafuta kwa wengi, na kama akiridhia, wangechukua na damu yake. Mzee akakunja mkono wa shati.

Jioni ile majirani walipita bila kumsalimia Hilaria. Mmoja alimwambia ameuza kijiji. Hakujali, alikuwa anachimba shimo nyuma ya nyumba, na za ndani zote zilizobaki akazifukia humo. Kisha akachukua lile bakuli la wageni, akazitwanga zile karanga nzuri, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alitwanga akitazama ndani ya kinu.

Akamuungia mzee mlenda, akampelekea na ugali. Zablon alimega tonge, akachovya, akatafuna polepole. Akamega la pili, akaliacha mkononi.

"Vipi?" Hilaria alimuuliza.

"Umesahau karanga."

"Nimeweka. Ni zile ulizozichagua mwenyewe."

Zablon alionja tena, akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemsamehe. "Hapana, mama. Karanga ina uchungu."

Hilaria alimsogezea maji ya kunawa, akatoka nje, akashika ukuta, akatapika.