Breki za Pikipiki ya Shemeji

Shemeji yangu alinunua pikipiki ndefu ya safari, yenye matairi ya meno na masanduku ya bati ubavuni. Tukatoka Kilosa kwenda Mikumi kwa njia ya vumbi, yeye mbele na helmeti iliyomfunika mpaka kidevuni, mimi nyuma na kipikipiki changu cha Kichina kilichokufa breki. Kila nilipoona mtu mzima nilisimama kwa kuburuza ndala, nikatoa shikamoo. Shemeji alipita tu.

Nikamkuta amenasa kwenye tope. Hatua chache nyuma yake, bibi mmoja na wanawe walikuwa wakipalilia mpunga, na hakuna aliyeinua kichwa. Nikaburuza ndala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Hapo ndipo alipoweka jembe chini na kuwaita wanawe. Walipokwisha kuitoa pikipiki, bibi aliizunguka taratibu, akayagonga masanduku.

"Nzuri," akamwambia shemeji, "ila irudishe dukani. Umenipita pale ukashindwa kusimama hata kunisalimia. Haina breki hii."

Shemeji akanitazama nimtetee.

"Kweli kabisa, bibi," nikasema, huku nikificha ndala zangu zilizolika visigino.